Vitambaa vya Fundi wa Sakafu

Kwa miaka kumi na mitano hivi nilimhesabia mwanamume mmoja vitambaa vyake, na sikuwahi kuvihesabu hata mara moja bila kuogopa. Hakuwa mume wangu wala ndugu yangu. Alikuwa Fundi, jirani yetu pale Handeni, na watu wa umri wangu waliowahi kukanyaga sakafu ya mbao aliyoilaza yeye watamjua ninayemsema hata nisipomtaja jina. Ukoo wake siujui vizuri na sikuuliza. Niliyoyajua juu yake yalinitosha, tena yalinizidi.

Kazi yake ilikuwa kutandika sakafu za mbao na kujenga ngazi katika nyumba za wakubwa: mameneja wa mashamba ya mkonge upande wa Korogwe, mapadri, Wahindi wenye maduka ya ghorofa. Nyumba ikiwa mpya, aliitandika. Ikiwa ya tangu wakati wa Mjerumani, aliikwangua sakafu mpaka ubao ukarudia rangi yake, kisha akaupaka mafuta ya kitani kwa vitambaa. Mafuta hayo yana tabia moja mbaya. Kitambaa kilicholowa ukikitandaza kwenye hewa kinakauka na kuwa kigumu, basi. Lakini ukivikunja pamoja na kuvirundika mahali, vinapata joto vyenyewe, na baada ya saa chache vinawaka. Hakuna kiberiti, hakuna sigara, hakuna mtu. Mara ya kwanza kusikia jambo hilo nilidhani ni maneno ya kutishia watumishi.

Nitasema mapema, maana sipendi msimulizi anayejificha nyuma ya maneno yake. Nyumba ya meneja kule karibu na Mnyuzi ilipoungua, mimi ndiye niliyeiunguza, na lawama aliibeba Fundi. Yeye hakujua. Akawa anajiuliza miaka mingi kama ni mkono wake uliofanya vile, na mimi nikawa jirani yake, nikala pilau ya harusi za watoto wake, nikanyamaza.

Sasa nimweleze mwenyewe alivyokuwa.

Alikuwa mrefu, mkavu, na magoti yake yalilia. Kupiga magoti ndiyo ilikuwa kazi yake, na magoti yalikuwa yameota ngozi nene ya kijivu. Akisimama, yalitoa mlio ambao sisi watumishi wa nyumba ya Meneja tuliusikia kutoka jikoni, na Mpishi akasema, "Haya, mkubwa wetu ameamka." Hakuvaa viatu ndani ya nyumba hata siku moja. Ubao aliuchunguza kwa nyayo kabla ya macho. Alitembea polepole, anasimama, anarudi hatua moja, anachora alama ya chaki mahali ambapo mimi sikuona kasoro yoyote. Halafu alilala kifudifudi, shavu sakafuni, jicho moja limefumbwa, akitazama mwanga wa dirishani ulivyopita juu ya mbao. Siku ya kwanza nilipomwona hivyo nilidhani amekufa, nikapiga kelele. Hakuinuka. Alisema tu, "Umeniziba mwanga."

Watu wa dunia hii hakuwaogopa. Bwana Meneja alikuwa mtu wa kupiga meza ngumi, na sisi sote tulitetemeka tukisikia buti zake. Mbao za mvule zilipoletwa kutoka upande wa Magoma, Fundi alizipanga ndani ya sebule, zimetenganishwa kwa vijiti, na akasema zitakaa hapo wiki tatu kabla hajagusa msumari. Meneja akapiga meza. Fundi akaketi juu ya mbao zake, akakunja mikono.

"Lazima zizoee nyumba, Bwana," akasema. "Nikizipigilia leo, zitajikunja masika, na wewe utaniita mjinga. Afadhali uniite mjinga sasa."

Zikakaa wiki tatu. Memsahibu, mkewe, alizizunguka akienda kula kwa wiki tatu, amefunga mdomo. Sikuwahi kumwona mtu mweusi akishindana na mtu yule akashinda, na nilimwogopa Fundi tangu siku ile kuliko nilivyomwogopa Meneja.

Ngazi aliijenga kwa namna yake. Kila kidato alikilaza juu ya gogo lililoingia ukutani, na kikiisha alibeba gunia la mahindi mgongoni akapanda peke yake, akisimama juu ya kila kidato na kuyumba kulia na kushoto. Hakumruhusu mtu mwingine ajaribu kwanza. Kidato kikilia, alishuka, akakitoa, akaanza upya. "Ikivunjika," alisema, "inivunje mimi." Kazi ya mkwaruzo aliifanya kwa vipande vya vioo vya chupa, akivishika kwa ncha za vidole na kuukwangua ubao, na vidole vyake havikukosa damu. Lakini tone likidondoka sakafuni alilifuta kwa haraka na aibu, kana kwamba amechafua msikiti.

Alikuwa na adabu ya kizamani, na adabu hiyo ndiyo iliyotuponza. Katika nyumba isiyo yake hakusema na mwanamke ikiwa kulikuwa na mwanamume wa kumpelekea neno. Mimi nilikuwa yaya, namlea mtoto wa Memsahibu, msichana wa miaka miwili mwenye nywele kama za mahindi. Siku moja nilipita juu ya mafuta mabichi nikimkimbilia mtoto. Fundi hakunigeukia. Alimwambia Mpishi, mimi nikiwa nimesimama palepale mbele ya Memsahibu, "Mwambie binti huyo nyayo zake ni tisa. Nitazikwangua moja moja." Akazikwangua kutwa nzima bila neno. Memsahibu alinikata posho ya sukari. Nikamchukia Fundi kwa moyo wangu wote, na chuki ya mtu mwoga ni ndogo lakini haikosi cha kufanya.

Ndiyo maana agizo lake juu ya vitambaa lilinifikia kupitia Mpishi, na lilifika limechakaa. "Fundi anasema vitambaa vyake visiguswe," Mpishi alisema huku akicheka. "Vina dawa. Ukivigusa utaota ndevu." Tukacheka sote wawili. Nilisikia. Nataka ieleweke kwamba nilisikia.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, ukame, mkonge umesimama wima kama mikuki mpaka relini. Wageni wa chai walitarajiwa saa kumi. Fundi alikuwa amemaliza kupaka mafuta vishikio vya ngazi mpya asubuhi, akavitundika vitambaa vyake vyote kwenye ukingo wa baraza, vya kahawia, bado vimelowa mafuta, kitambaa kimoja mbali na kingine. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kunoa randa zake. Memsahibu alipotoka mapema kwenda stesheni kuwapokea wageni alivitazama, akakunja pua. Hakuniagiza chochote. Lakini mimi nilikuwa yaya mzuri, nilifundishwa kwamba kitu kilichozagaa mbele ya wageni ni aibu yangu, na zaidi ya hapo nilifurahi kupata sababu. Nikavikusanya. Nikavikunja vizuri, kwa mraba, nilivyofundishwa kukunja nepi. Nikavisokomeza katika kikapu cha Fundi mwenyewe cha vyombo, nikakisukuma chini ya ngazi, nikafunga kijimlango. Nakumbuka niliridhika.

Mchana nilimlaza mtoto ghorofani, nikaenda nyuma kupiga pasi. Harufu ilikuja kwanza, kama ya samaki wa kukaanga, na nikajiuliza Mpishi anakaanga nini saa ile. Halafu moshi. Nilipofika sebuleni, kijimlango cha chini ya ngazi kilikuwa kinapumua moto, na kidato cha tatu na cha nne vilikuwa vimeshika.

Mimi ndiye niliyekuwa yaya wake. Nilisimama chini ya ile ngazi, nikamsikia mtoto akikohoa juu, na miguu yangu ilikataa. Nilipiga kelele. Ndicho nilichofanya, na mpaka leo sijafanya zaidi ya hapo kwa ajili ya mtoto yule.

Fundi alinipita akanigonga bega. Alipanda akibana ukutani, anakanyaga ncha tu za vidato, kule magogo yalikoingia ndani ya ukuta, maana yeye alijua wapi pangemshika. Alirudi njia ileile na mtoto amefungwa kwenye blanketi. Alipofika chini, nywele za mikono yake zilikuwa zimekwisha na ngozi ya kiganja cha kushoto inaning'inia. Akanikabidhi mtoto bila kunitazama, kwa adabu yake, akakimbilia ndoo. Watu wa shamba walikuja na madebe, na nusu ya nyumba ikapona. Ngazi haikupona.

Jioni ile Meneja alitupanga barazani. Mbele yake palikuwa na mabaki ya kikapu na vipande vyeusi vilivyokuwa vitambaa. Askari alikuwa amesimama pembeni na kitabu chake. Kulikuwa na mgomo shambani mwezi ule, na kila moto ulitafutiwa mtu. Nilifikiria jela ya Tanga. Nilifikiria baba yangu, aliyekuja kutoka mbali kukata mkonge, na nyumba ya kambi atakayofukuzwa kwa ajili yangu.

"Kikapu cha nani?" Meneja akauliza.

"Changu," Fundi akasema.

"Uliviweka humo wewe?"

Fundi aliitazama mikono yake iliyofungwa matambara. "Nakumbuka kuvitundika," akasema. "Lakini hata jana nilivitundika. Na juzi. Kila siku navitundika, Bwana. Sijui kama hii ninayoikumbuka ni ya leo." Akaongeza, "Labda ni mimi."

Mpishi alitazama chini. Nani alivigusa vitambaa hakujua, yeye alikuwa jikoni. Askari akanigeukia. "Na wewe, yaya? Umeona nini?"

"Sikuona kitu," nikasema.

Hawakumfunga, kwa sababu ya mtoto. Walimfukuza, na kwa miaka mingi hakuna nyumba ya Mzungu kutoka Mnyuzi hadi Korogwe mjini iliyomfungulia mlango. Akarudi Handeni kutengeneza vitanda na milango. Ile "labda" aliyoisema barazani iliota mizizi. Mwaka wa kwanza alisema labda ni yeye. Mwaka wa pili alisema nadhani ni mimi. Nilipoolewa na fundi cherehani wa Handeni na kuhamia mtaa uleule, bila kujua nani anakaa nyumba ya tatu, nilimkuta akisema wazi mbele ya watu, "Mimi niliunguza nyumba. Nilikaribia kuua mtoto." Alisema hivyo hata kwa wateja, kabla hawajamuuliza. Wengine waliondoka. Wengine walibaki kwa sababu hawakuwahi kukutana na fundi anayesema makosa yake.

Siku aliponiona kisimani nilidhani nitazirai. Yeye alifurahi. Kwa mara ya kwanza alisema nami uso kwa uso, maana sasa nilikuwa mke wa jirani na si binti wa nyumba ya watu.

"Binti," akasema, "wewe ulikuwepo siku ile."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wewe ulikuwepo. Basi wewe utanisaidia."

Alichotaka ni hiki. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha, kazi za sakafu zilianza kumrudia, kwanza kwa Mhindi mmoja mwenye duka la ghorofa, kisha misheni. Lakini macho yake na kumbukumbu zake hakuviamini tena. Jioni baada ya kazi alivileta vitambaa vyake nyumbani vimeelea katika debe la maji, akavitandaza juu ya mawe uani, kisha akamtuma mtu aniite. "Hesabu, binti." Nilihesabu. "Vimetimia?" Vimetimia. "Hesabu tena." Mke wake alikuwa hodari wa kuhesabu kuliko mimi, na watoto walikuwepo, lakini hao hawakumtosha. Alitaka shahidi wa siku ile. Mume wangu alitania kwamba mimi ni karani wa matambara. Mimi sikuweza kucheka. Nilipokuwa nikiinama juu ya vile vitambaa, nilisikia ile harufu ya samaki, hata kama vilikuwa vimelowa maji tupu.

Mara ngapi nilitaka kumwambia? Mara nyingi. Nilifungua mdomo mwaka ule mke wake alipojifungua salama, nikafikiri furaha itapunguza hasira. Nikaogopa. Nilifungua mdomo alipokataa kazi kubwa kule Kwaluguru, akisema nyumba ina watoto wengi mno kwa mkono kama wake. Nikaogopa, na kazi ikaenda kwa mtu mwingine aliyeifanya vibaya. Kila mwaka uliopita ulifanya jambo kuwa baya zaidi, kwa sababu sasa nilipaswa kukiri moto pamoja na mwaka huo.

Sakafu ya nyumba yake mwenyewe ilikuwa udongo. Wageni walimchokoza: fundi wa mbao, unalala chini kwenye udongo? "Udongo hauungui," alijibu, wakacheka wakidhani ni mzaha. Hakuruhusu taa ya mafuta ikae chumba walimolala watoto. Mtu yule aliyemkunjia mikono Meneja aliamka saa za alfajiri kunusa kona za nyumba yake. Na bado, akiwa kazini, alikuwa na raha ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Ubao mmoja ukiingia ubavuni mwa mwenzake bila pengo, aligonga kwa kiganja na kusema, "Haya, mmejuana," akatabasamu peke yake. Moyo mmoja ulibeba vyote viwili, na nilijua nani aliutia ile hofu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa miezi michache kabla ya Uhuru. Alikuwa kitandani tangu mwezi mtukufu, na siku mbili hizo alikuwa hajala kitu. Mke wake alinipokea mlangoni, akaniambia amekuwa akiuliza kama nitakuja. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa uani. Nilidhani ananitaka nihesabu.

"Kaa, binti," akasema. Alikuwa amekonda mno, ila sauti ilikuwa yake. "Naogopa."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitamka neno lile. "Unaogopa nini, Fundi?"

"Nitaulizwa juu ya mtoto yule. Hakufa, najua. Lakini nitaulizwa kwa nini nilimtia hatarini. Nimeomba toba miaka yote, na siwezi kutubu sawasawa kwa sababu sikumbuki nikifanya. Mtu atatubu vipi jambo asilolikumbuka?"

Nilimwona akienda kaburini na hofu yangu, na niliona kwamba nikitoka mlangoni sasa, sitapata siku nyingine.

"Hukumbuki kwa sababu hukufanya," nikasema. "Ulikumbuka sawa, Fundi. Ulivitundika. Mimi nilivitoa barazani, nikavikunja, nikavitia kikapuni mwako, nikafunga mlango."

Nje mke wake alikuwa anafagia.

"Ulisikia nilivyoagiza?"

"Nilisikia."

"Na barazani, mbele ya askari?"

"Nilinyamaza."

"Na hapa uani kwangu, miaka yote hii?"

"Niliogopa, Fundi. Niliogopa siku ile na nikaendelea kuogopa."

Nilingoja anilaani. Nilitaka anilaani, kwa kweli, ningejua pa kuiweka laana. Akaivuta pumzi, akaitoa taratibu, na mabega yake yakashuka. Akamwita mke wake, akaomba uji. Tukamwinua. Alikunywa bakuli lote, na mke wake akanishika bega kwa furaha, akanishukuru kwa kuja.

Alipotoka na bakuli nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama amenisamehe.

"Ya kwangu nimekusamehe," akasema. Alikuwa ameanza kusinzia, uso wake umelainika. "Ya mtoto yule siyo yangu kusamehe. Hayo utaulizwa wewe." Akaunyoosha mkono wake wenye kovu, akaniwekea juu ya wangu, kwa huruma, kama mtu anayempa pole mfiwa. "Pole, binti."

Akalala. Mimi nilijaribu kusimama, na miguu yangu ikakataa.